"Si Alikuwa Barabarani?" na Mengine Niliyochoka Kuyasikia

Mteja ameipenda picha niliyopiga ya makanga anayening'inia mlangoni mwa matatu pale barabara ya Tom Mboya, Nairobi, anataka kuiweka kwenye bango la kutangaza mikopo. Nikiuliza idhini ya yule kijana iko wapi, jibu ni lile lile: "Si alikuwa barabarani?"

Alikuwa barabarani, ndiyo, akitafuta riziki yake. Hakuwa akimuuzia mtu mikopo. Kupiga picha ni jambo moja, kuifanyia biashara ni jingine. Hapa Kenya, Sheria ya Kulinda Data ya 2019 huihesabu picha inayomtambulisha mtu kuwa data yake binafsi, na kifungu cha 37 kinadai idhini yake ya wazi kabla ya kuitumia kibiashara. Nafuu waliyopewa wanahabari na wasanii katika sheria hiyo haifiki kwenye bango lako. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza baa moja ya Nairobi shilingi 1,850,000 kwa kuweka picha ya mteja mtandaoni bila ruhusa. Shule moja ikalimwa 4,550,000 kwa picha za watoto.

Hapo naambiwa, "Basi mfiche uso." Kijana ana kofia yake, koti lake, na matatu yenye michoro inayojulikana jiji zima, wenzake watamtambua hata kwa kisigino. Mfuateni stejini, mwelezeni, mlipeni, atie sahihi, nimpige picha upya. Fomu iwe ukurasa mmoja, kwa Kiswahili. Zile za kurasa nne za Kiingereza cha mawakili sizibebi.

Wanafunzi wa upigaji picha nao wana yao. Eti lenzi ndefu ndiyo adabu. Anayekulenga kutoka ng'ambo ya barabara ndiye anayefanana na mpelelezi! Chukua lenzi fupi ya milimita 35, tundu lake f/8, fokasi mita 3: kila kitu kati ya mita 2 na 7 hivi kitatoka safi, na watu wanakuona, wanaweza kukukatalia. Ukikataliwa, futa, endelea na safari.

Eti sanaa ni nyeusi na nyeupe. Soko la Gikomba bila rangi za mitumba? Haya.

Na eti saa sita mchana kamera ikae begini. Ni kweli jua letu la karibu na ikweta linasimama utosini, hasa Machi na Septemba, na macho ya watu yanageuka mashimo ya kivuli. Ingia chini ya vibaraza vya Biashara Street: mwanga unagonga lami na kurudi usoni kutoka chini, laini kabisa, bila kukodi taa.