"Mistari Mitatu Tu, Saa Nne Niko Dukani": Dhana Zinazonichosha Kuhusu Waigizaji Wadogo wa Tamthilia

Kazi yangu hapa Kigoma ni kuwatafutia watu wa tamthilia sura za wenyeji: muuza dagaa, mlinzi wa getini, nesi wa mapokezi, abiria wa treni. Vikundi vikija kutoka Dar es Salaam huja na wahusika wakuu wao. Hawa wengine tunawapata Mwanga, Gungu, Katonga na Ujiji. Nikimpigia mtu simu kwamba amepata nafasi, baada ya vigelegele linakuja swali lile lile: "Mistari mingapi?" Nikisema mitatu, hesabu imeshapigwa. Atafika saa mbili, saa nne amerudi dukani kwake.

Jamani, mistari mitatu ni siku nzima. Nimelisema hili hadi koo limekauka, na bado wiki haipiti bila mtu kuniuliza saa tano asubuhi, huku amenuna, "Kwani si nimeshasema?"

Tuseme wewe ni mama muuza dagaa pale mwalo wa Kibirizi, ufukweni mitumbwi inaposhusha samaki. Mhusika mkuu anakuja kumtafuta mumewe. Unamwambia: "Bei ni ile ile, dada. Mumeo sijamwona tangu mbalamwezi ianze. Muulize Baba Asha, ndiye aliyetoka naye." Kwenye televisheni ni sekunde ishirini, pengine chini ya hapo.

Kwenye lokesheni, pale penyewe pa kupigia picha, mambo ni mengine. Kwanza mnafanya mazoezi ya kutembea tu, bila kamera: unasimama wapi, yeye anatokea wapi, unageuka lini. Miguuni unawekewa alama, na hiyo alama ni amri. Ukisogea hatua moja umetoka kwenye mwanga na uso umekuwa ukungu, kwa sababu lenzi ililengwa pale ulipokuwa. Kisha inapigwa picha pana inayoonyesha mwalo mzima, mitumbwi na nyie wawili. Inarudiwa kwa sababu boti ya injini imepita. Inarudiwa tena kwa sababu mtoto amepunga mkono kwa kamera. Kisha kamera inahamia nyuma ya bega lako, inamtazama mwenzako. Halafu inamsogelea uso. Baada ya hapo kila kitu kinageuzwa, taa, vibao vya kurudisha mwanga, masanduku, watu na chai yao, kwa kuwa upande uliokuwa nyuma ya kamera sasa ndio utakaoonekana. Hapo ndipo inafika zamu ya uso wako, na maneno umeshayasema tangu asubuhi. Mwisho kabisa wanataka mkono wako peke yake, ukichota dagaa.

Kwa nini wasiweke kamera moja mbali wakamaliza? Kwa sababu mhariri wa picha anahitaji vipande. Atakata katikati ya sentensi yako, aonyeshe uso wa mwenzako anaposikia habari za mumewe, kisha arudi kwako. Na hapo ndipo wageni wa kazi hii wanaponitoa jasho. Kama kwenye picha pana ulichota dagaa uliposema "mbalamwezi", basi utachota kwenye neno hilo hilo kila mara, mkono ule ule, kiasi kile kile, hadi jioni. Ukichota kwenye "dada" safari hii, vipande viwili haviungani: hapa mkono uko juu, pale uko ndani ya sado. Yupo mtu mwenye daftari anayefuatilia hayo, na atakusumbua hadi umchukie, lakini yeye ndiye anayekuokoa.

Ushauri wangu, na siuchoki: chagua kitendo kimoja, kifunge kwenye neno moja, vingine acha. Watu wetu wanadhani kuigiza ni kuchangamka, basi utamwona mtu anafukuza nzi, anakaza khanga, anatafuna, anajikuna shingo, yote ndani ya mistari mitatu. Haya, irudie yote sawasawa mara ya kumi na mbili tuone.

Tena kamera ikiwa kwa mwenzako, wewe hujamaliza. Unasimama pembeni yake na kusema maneno yako yote, kwa moyo ule ule, ili macho yake yawe na pa kutazama na uso wake uwe na cha kujibu. Wapo wanaoondoka kwenda kupokea simu! Wakirudi wanashangaa mwongozaji hawasalimii.

Liko na suala la jua, ambalo hata wageni wa Dar huwaumbua. Saa ya Tanzania ni moja lakini jua si moja. Kigoma iko magharibi ya Dar es Salaam kwa takribani nyuzi kumi za longitudo, na jua hutumia dakika nne kwa kila nyuzi, kwa hiyo huku linachelewa karibu dakika arobaini. Kikundi kinapanga kuanza saa kumi na mbili asubuhi, kinakuta giza. Jua la utosi, lile linalotia vivuli vyeusi machoni, huku halifiki saa sita bali saa saba hivi, wakati wao walishapanga kwamba saa hizo mwanga umeanza kulainika. Jioni jua linazama ng'ambo ya ziwa, nyuma ya milima ya Kongo, na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linazama upesi. Mwanga ule mzuri wa dhahabu ni wa muda mfupi tu. Kwa hiyo wanaweza kukuweka kivulini mchana kutwa, kisha wakukimbize na mwanga huo kwa dakika chache. Hawajakusahau. Wanangoja anga.

Na anayetaka kupiga picha za mitumbwi ikirudi na dagaa alfajiri atazame kalenda ya mwezi kwanza. Dagaa huvutwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wavuvi wengi wanapumzika na mwalo unapoa. Kikundi kisichojua hilo kinaingia Kibirizi na kukuta nyavu zimeanikwa.

Kwa hiyo aga nyumbani kama mtu anayesafiri. Beba khanga ya kujifunika, maji, na chakula cha kutafuna kisichochafua nguo. Simu izimwe, si itetemeshwe, maana maiki inasikia mtetemo. Na mkiambiwa mnyamaze wote na hakuna anayeigiza, msianze kucheka. Wanarekodi sauti ya mahali penyewe, upepo na maji, ili mhariri aitumie kuzibia mapengo.

Dhana nyingine ninazozisikia nitazipita haraka.

"Nivae nguo yangu nzuri kuliko zote." Usivae. Mistari myembamba iliyobanana huchezacheza kwenye kamera, shati jeupe pepe linang'aa na kuufanya uso uwe giza, na jezi ya timu yenye jina la mdhamini italeta maneno. Lete nguo tatu zilizofubaa, mtu wa mavazi achague.

"Nitaongeza maneno ili nionekane." Utaonekana, kisha utakatwa. Neno ulilolibuni hakuna anayelisubiri, na mwenzako anangoja lile la kwenye skripti ndipo ajibu.

"Wanaigiza kwa mpangilio wa hadithi." Wanaigiza kwa mpangilio wa mahali. Kila kinachotokea nyumba ile kinapigwa siku ile, hivyo unaweza kumlilia marehemu asubuhi na mchana ukamtengea chakula.

"Machozi ni vitunguu." Wapo wanaopaka menthol chini ya macho, wapo wanaodondoshewa glisarini, na wapo wanaolia kwa uwezo wao. Lakini wewe mlinzi wa geti, nani amekwambia ulie?

"Nimelipia fomu, nasubiri kuitwa." Hili linanipandisha presha. Mwigizaji halipi ili aigize. Yeye ndiye anayelipwa. Anayezunguka Mwanga na kamera shingoni akikusanya fedha za fomu ni tapeli, hata akijua majina ya mastaa wote wa Dar. Upigaji wa filamu nchini unahitaji kibali cha Bodi ya Filamu, na sheria yake si ya jana, ni ya mwaka 1976. Omba kukiona. Mtu wa kweli anakuonyesha, na tapeli anakasirika.

"Nikitokea kwenye TV maisha yamenyooka." Kipande chako kinaweza kukatwa chote, si kwa ubaya, ni kwamba kipindi kimezidi dakika. Malipo yako hayapaswi kutegemea kama umeonekana. Yategemee siku uliyofanya kazi, na mkubaliane kabla. Uliza kiasi, uliza nauli na chakula, uliza wanalipa jioni ile au baadaye. Sheria ya hakimiliki ya mwaka 1999 inamtambua mwigizaji, lakini haitakuandikia mkataba. Wakikuletea karatasi isome, hasa pale panaposema sura yako itatumika wapi kwingine, maana kuigiza muuza dagaa ni kazi moja na kubandikwa kwenye tangazo la biashara ni nyingine, yenye bei yake. Na fedha ya siku utakayoitwa kurudia iandikwe humo humo, kabla hujapanda bodaboda kwenda mwaloni.