Mnaosema "tuige MIT", mnaiga nini hasa?

Mjadala wa namna ya kuwafundisha wahandisi wetu ukipamba moto, hakosekani wa kusema, "Angalieni MIT wanavyofanya." Haya, tuangalie. Chuo hicho cha teknolojia cha Cambridge, Massachusetts, Marekani, kinastahili kutazamwa, ila wengi wanaokitaja wanakisifia kwa mambo kisiyoyafanya.

Dhana: Nadharia imepitwa na wakati, siku hizi ni vitendo tu.

Mwanafunzi wa shahada ya kwanza pale MIT, awe anasomea ndege au uchumi, hakwepi kozi mbili za kalkulasi, mbili za fizikia, moja ya kemia na moja ya baiolojia. Hakuna aliyezifuta. Kilichobadilika ni namna ya kuzifundisha, na hapa kuna kisa kinachofaa kusimuliwa kwa kituo.

Kozi ya umeme na sumaku ilikuwa ikifundishwa kama tunavyoijua sote: ukumbi mkubwa, mhadhiri ubaoni, wanafunzi mamia wakinakili. Muhula ukikaribia kuisha, nusu ya viti vilikuwa vitupu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, Profesa John Belcher na wenzake wakauacha ukumbi. Wakaweka chumba chenye meza 13 za duara, kila moja ya watu tisa, waliogawanywa watatu watatu na kompyuta yao. Mwalimu anaeleza kwa dakika chache, anauliza swali, watu wanabishana, kisha jaribio linafanyika palepale mezani. Milinganyo ya Maxwell, yaani kanuni kuu za umeme na sumaku, ilibaki vilevile, migumu kama zamani.

Wanafunzi walifurahi? Thubutu! Mwaka 2003 walikusanya sahihi kutaka mihadhara ya zamani irudishwe. Ukumbini mtu aliweza kusinzia. Kwenye meza ya watu tisa hujifichi. Mfumo ukaendelea, mahudhurio yakapanda, na idadi ya wanaofeli ikashuka kwa zaidi ya nusu. Kwa hiyo ukimwona mkuu wa kitivo anakata saa za hesabu kwa jina la "umahiri", ujue hilo hakulitoa MIT.

Dhana: Masomo ya mtandaoni yatafuta darasa.

Mwaka 2012 MIT ilifungua kozi yake ya kwanza ya bure ya aina hiyo, ya saketi na elektroniki. Walijiandikisha watu wapatao 155,000. Waliopata cheti walizidi 7,000 kidogo. Watetezi wa video huitaja namba ya kwanza, wapinzani huitaja ya pili, na wote wawili hulipita jambo lenye maana zaidi.

Miongoni mwa waliopata alama zote alikuwa Battushig Myanganbayar, kijana wa miaka 15 kutoka Ulan Bator, Mongolia. Hadithi yake husimuliwa kana kwamba alijifungia chumbani na intaneti. Sivyo. Mkuu wa shule yake alikuwa mhitimu wa MIT, na alimleta mtaalamu kutoka Chuo Kikuu cha Stanford aliyekuja na vifaa vya maabara, akakaa na wanafunzi hao wiki kadhaa wakiunga saketi kwa mikono. Video ilikuwa nusu ya somo. Nusu ya pili ilikuwa mtu na meza.

Dhana: Akili mnemba itamwondolea mhandisi mzigo wa kujua misingi.

Ni kweli MIT imewekeza sana huko: mwaka 2018 ilitangaza chuo kipya cha kompyuta ndani yake, kwa mpango wa dola bilioni 1. Kalkulasi ikabaki lazima. Sababu yake utaiona mwanafunzi anapoingiza vipimo vya boriti kwenye programu, akachanganya milimita na mita, programu ikamjibu bila haya kwamba boriti ya mita sita itapinda mita nne. Aliyeshika misingi hucheka na kurudia hesabu. Asiyeishika huchapa ripoti.

Dhana: Idara za zamani, kama mitambo, ujenzi na umeme, zitavunjwa.

Programu ya MIT ya mageuzi ya uhandisi, iitwayo NEET, ilianza mwaka 2017. Mwanafunzi hubaki kwenye idara na shahada yake, ila kwa miaka kadhaa hufanya miradi pamoja na wa idara nyingine, kwa mfano kwenye mashine zinazojiendesha, na mwisho huongezewa cheti. Basi. Hakuna ukuta uliobomolewa.

Dhana: Fasihi na historia ni kumpotezea mhandisi muda.

Pale anasoma kozi nane za sanaa, lugha na sayansi za jamii. Nane! Na hafuzu kama hajafaulu jaribio la kuogelea au kusoma kozi ya kuogelea.

Dhana: Hayo ni ya wenye hela.

Hili ndilo linaloniudhi. Miaka ya 1970, Woodie Flowers, mwalimu wa MIT, aliifanya kozi ya usanifu wa mitambo kuwa maarufu kwa kumpa kila mwanafunzi mfuko wa vikorokoro: mpira, springi, vipande vya mbao na vya karatasi ngumu. Tengeneza mashine, kisha ishindane na ya mwenzako mbele ya watu. Na D-Lab, maabara ya MIT ya kubuni vifaa rahisi kwa jamii maskini, iliyoanzishwa na Amy Smith mwaka 2002, ilizaa makongamano ya ubunifu yaliyofika hadi Arusha mwaka 2014. Bernard Kiwia, fundi baiskeli wa Arusha, alishiriki mapema kwenye makongamano hayo, na anajulikana kwa vifaa alivyounda kwa vipuri vya baiskeli, ikiwemo chaja ya simu.

Sisi tayari tuna mafunzo kwa vitendo. Mwanafunzi anapelekwa kiwandani au kwenye mradi kwa wiki kadhaa, na mara nyingi anaishia kutoa kopi na kutumwa chapati, kisha logibuku, daftari la kuandika alichofanya kila siku, inasainiwa yote siku ya mwisho. Mhadhiri msimamizi, akija, anakuja mara moja. Hapo hakuna printa ya 3D inayokosekana. Anakosekana fundi aliyepewa muda na posho ya kumwambia mwanafunzi, "Fungua hii gia, niambie kwa nini inapiga kelele," na chuo kitakachokataa logibuku isiyo na jibu la swali hilo.