Tabibu anamsaidia nani?

Jumatatu moja mzee mmoja aliingia chumba namba mbili cha kituo ninakosimamia matabibu wapya, akamkuta binti amevaa koti jeupe, akamwambia kwa upole, "Mwanangu, niitie daktari mwenyewe." Binti huyo ana stashahada ya utabibu na leseni, na ilikuwa wiki yake ya tatu kazini. Mzee hakuwa na ubaya. Aliponiona alinieleza kwamba mpwa wake yuko Marekani anasomea kazi hiyohiyo, na huko inaitwa msaidizi wa daktari. "Sasa huyu anamsaidia nani, na daktari hayupo?"

Swali hilo nimeulizwa mara nyingi mno hapa Moshi. Leo nalijibu kwa maandishi.

Kozi ya Marekani ilianzia Chuo Kikuu cha Duke mwaka 1965, Dkt. Eugene Stead alipochukua wanaume wanne waliowahi kutoa tiba katika jeshi la majini. Siku hizi mhitimu hufanya mtihani wa taifa, PANCE, kisha jimbo ndilo humpa leseni. Na hilo neno "msaidizi" wamelichoka wenyewe: mwaka 2021 chama chao kilipiga kura kuliondoa kwenye jina. Hata hivyo, kwa kawaida mhitimu mpya kule ana daktari wa kumwuliza, ingawa sheria hutofautiana jimbo kwa jimbo.

Tabibu wetu anasoma miaka mitatu baada ya kidato cha nne, halafu wengi wanapangiwa zahanati. Daktari yuko hospitali ya wilaya, au kwenye zile za rufaa hapa Moshi, Mawenzi na KCMC. Pale zahanati anayepima, anayeandika dawa na anayeamua rufaa ni tabibu. Hakuna anayemsaidia, wala yeye hamsaidii mtu. Anatibu.

Lakini kinachoniudhi kuliko jina ni maneno ya watu yanayofuata: kwamba hatari ya tabibu mpya ni kutojua dawa. Dawa na dozi ziko kwenye mwongozo, na mwongozo uko mezani. Hatari iko kwingine. Siku hiyohiyo, mchana, mama alileta mtoto wa miezi tisa mwenye homa na kikohozi. Binti akapima mRDT, kile kipimo cha haraka cha malaria, ikatoka hasi. Huku mlimani malaria ni chache, kwa hiyo hakushangaa. Akaandika amoxicillin ya kunywa nyumbani. Nikamwuliza mtoto anapumua mara ngapi. "Arobaini na nne." Amehesabuje? Sekunde kumi na tano, mara nne, huku mtoto akinyonya.

Mtoto mdogo hapumui kwa mpangilio. Anakazana, anapoa, anakazana tena. Ukikosea pumzi moja katika sekunde kumi na tano, umekosea nne kwa dakika. Unahesabu dakika nzima, ametulia, hanyonyi, nguo imepandishwa hadi kifuani. Tulihesabu upya: hamsini na nane. Kwa umri wake hamsini tayari ni nyingi. Na nguo ilipopanda tukaona mbavu za chini zinaingia ndani kila anapovuta hewa. Kifaa cha kidoleni kikasoma oksijeni ya damu asilimia 87, ndogo mno. Tukamchoma dozi ya kwanza ya ampicillin na gentamicin, tukamwekea oksijeni, gari likaondoka naye kwenda Mawenzi.

Dawa binti alizijua zote. Alichohitaji ni mtu wa kumwuliza swali moja kabla mama hajatoka mlangoni.

Hapa ndipo nami ninapokwama. Kuna kijana niliyemkagua kila faili kwa miezi sita. Nilipokwenda likizo, alitoa rufaa kwa karibu kila mgonjwa, hadi mwenye mafua. Ukiwaachia mapema, mtoto anarudishwa nyumbani na nimonia. Ukiwashikilia sana, hawaamui kitu. Nimesimamia wapya miaka kumi na moja na bado sijajua mstari uko wapi. Nadhani kila mmoja ana wake.

Binti sasa yuko peke yake kwenye zahanati huko tambarare. Namba yangu ameibandika ukutani, juu ya meza ya sindano. Juzi alipiga saa saba usiku: mtoto, homa, kikohozi. Nikamwuliza anapumua mara ngapi. "Subiri kaka, nahesabu." Tukanyamaza wote wawili, dakika nzima, simu ikiwa wazi.