Si karo iliyowatoa madarasani wanafunzi wa Ufaransa

Wengi huamini kwamba wanafunzi wa Ufaransa walioandamana katika majira ya kuchipua ya mwaka 2018 walikuwa wakipinga kupandishwa kwa karo. Sivyo. Ada ya shahada ya kwanza katika vyuo vikuu vya umma ilishuka mwaka huohuo, kutoka euro 184 hadi 170.

Ugomvi ulikuwa mlangoni. Kwa desturi ya miaka mingi, aliyefaulu baccalauréat, mtihani wa kumaliza sekondari, alikuwa na haki ya kujiunga na chuo kikuu cha umma bila kuchujwa, na pale waombaji walipozidi nafasi, kama ilivyotokea mwaka 2017 katika masomo ya michezo na saikolojia, kompyuta iliendesha bahati nasibu. Serikali ya Emmanuel Macron ilisema, na hapo ilikuwa na hoja, kwamba mustakabali wa kijana haupaswi kuamuliwa hivyo. Sheria ya Machi 2018 ikaleta mfumo wa Parcoursup, unaoviruhusu vyuo kuyapanga maombi kwa kuangalia alama na barua ya mwombaji. Kwa waandamanaji, huo ulikuwa mchujo uliopitishwa mlango wa uani. Jijini Paris walilikalia Tolbiac, jengo refu la chuo kikuu, kwa wiki kadhaa, hadi polisi walipolivamia alfajiri ya Aprili 20.

Suala la karo lilizuka baadaye, Novemba 2018, ilipotangazwa ada ya euro 2,770 kwa wanaotoka nje ya Ulaya, akiwemo kijana wa Dodoma au Bujumbura. Hata hivyo, vyuo vingi viliwasamehe nyongeza hiyo.