Moto wa Yazd hauabudiwi

Kwetu neno "Majusi" limezoeleka kuwa na maana ya mwabudu moto, na wasafiri wengi huingia na wazo hilo katika hekalu la Yazd, Iran. Si sahihi. Wazoroastria, wafuasi wa dini ya kale ya Uajemi ambao ndio hao tuwaitao Majusi, humwabudu Mungu mmoja, Ahura Mazda. Moto ni alama ya nuru na ukweli wake, nao huuelekea wanaposali, kama Mwislamu anavyoelekea kibla bila kuiabudu Kaaba.

Jengo la Yazd ni la mwaka 1934, lakini moto wenyewe, kwa mapokeo yao, unawaka tangu mwaka 470 hivi, ukihamishwa kutoka mahali hadi mahali. Mgeni huutazama kupitia kioo. Kuhani anayeutia kuni hufunika mdomo kwa kitambaa cheupe, pumzi yake isiuchafue. Hapo ndipo wengi hudhani wameona ibada ya moto. Mimi naona heshima ileile ya kuvua viatu mlangoni mwa msikiti.

Mahekalu ya Waparsi, yaani Wazoroastria wa India (jamii ya mwimbaji Freddie Mercury, aliyezaliwa Zanzibar mwaka 1946) hayapokei wageni wa dini nyingine. Ukiwa Mumbai, tazama lango kwa nje, usibishane na mlinzi.