Dola Zikikauka Kisiwani: Ushelisheli Katika Midororo Miwili

Uchumi wa dunia ukidorora, wengi huvitazama visiwa vidogo na kuhesabu watalii waliopungua. Mimi kazi yangu ni kuchambua madeni ya serikali, na huanzia kwingine: benki kuu ya kisiwa hicho ina dola kiasi gani, na ilizipata vipi? Watalii huondoka na hurudi. Dola zilizochomwa miaka mingi ili kuipa sarafu thamani isiyokuwa nayo ndizo hazirudi.

Ushelisheli ni mfano mzuri kwa sababu ilipigwa mara mbili, mwaka 2008 na 2020, na matokeo hayakufanana hata kidogo.

Nchi yenyewe ni visiwa 115, ardhi ya kilomita za mraba kama 455, na watu ambao mwaka 2008 hawakufika 90,000. Mchele, dizeli, saruji, dawa, hata sehemu kubwa ya chakula cha hotelini, vyote huja kwa meli au ndege na hulipiwa kwa fedha za kigeni. Fedha hizo huletwa na watalii na jodari. Kiwanda cha kusindika jodari kilichopo Victoria, mji mkuu, ni miongoni mwa vikubwa duniani na ndicho tegemeo kuu la ajira nje ya serikali na hoteli. Ukiondoa hayo, kinachobaki ni kidogo mno.

Kwa miaka mingi serikali iliishikilia kwa nguvu bei ya rupia, sarafu ya nchi, ikawa kama rupia nane kwa dola. Kwa bei hiyo dola ilikuwa rahisi mno, kwa hiyo kila mtu aliitaka na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuiuza benki. Mwenye hoteli aliyepokea dola alijua kwamba mitaani zina bei karibu maradufu, basi akaziacha nje ya nchi au akazipitisha kwa walanguzi. Mwenye duka aliyetaka kuagiza mzigo alisubiri foleni benki, na rafu zikawa tupu. Serikali ikaweka masharti: mgeni alipe hoteli kwa fedha za kigeni, uagizaji wa bidhaa muhimu upitie shirika la umma. Kila sharti lilizaa ujanja mpya wa kulikwepa. Pengo lililobaki likazibwa kwa mkopo. Mwaka 2006 nchi iliuza hatifungani, yaani hati ya mkopo inayonunuliwa na wawekezaji, ya dola milioni 200 katika soko la kimataifa, na mwaka uliofuata ikaongeza milioni 30. Ukiligawa deni hilo moja tu kwa watu wote, mtoto na mzee, kila mmoja anadaiwa zaidi ya dola 2,600.

Tazama sasa tarehe, kwa maana hapa ndipo wengi wanapoisimulia vibaya. Benki ya Marekani ya Lehman Brothers ilianguka Septemba 2008, na hapo mdororo wa dunia ukashika kasi. Ushelisheli ilikuwa imeshashindwa kulipa deni lake jingine tangu Julai, baada ya mafuta na chakula kupanda bei duniani. Oktoba ikashindwa kulipa riba ya ile hatifungani ya dola milioni 230. Mdororo wa dunia ulimkuta mgonjwa yuko kitandani tayari.

Dawa ilikuwa chungu na ilimezwa yote kwa mara moja. Tarehe 1 Novemba 2008 rupia iliachiwa ielee, yaani soko ndilo liamue bei yake. Ndani ya muda mfupi dola ikafika rupia 16 hivi, na mfumuko wa bei ukapita asilimia 60. Ruzuku za jumla zikaondolewa, zikabaki za wanaohitaji. Maelfu ya watumishi wa umma wakaacha kazi kwa kulipwa kiinua mgongo. Shirika la Fedha la Kimataifa, IMF, likaja na dola milioni 26, kiasi ambacho katika nchi kubwa kisingetosha hata kuandikwa gazetini.

Kilichofuata ndicho ninachopenda kuwaeleza wanafunzi wangu. Bei ya dola ilipokuwa ya kweli, mwenye hoteli hakuwa tena na faida ya kuzificha. Dola zikarudi benki zenyewe, bila askari wala sheria mpya, na walanguzi wakakosa kazi. Mwaka 2009 rupia ikarejesha sehemu ya thamani yake. Aprili mwaka huo kundi la nchi wakopeshaji, Klabu ya Paris, likakubali kufuta asilimia 45 ya deni lake kwa awamu mbili, na mwanzoni mwa 2010 wenye hatifungani wakakubali kupoteza nusu ya mtaji wao, huku Benki ya Maendeleo ya Afrika ikidhamini sehemu ya malipo mapya. Hapa udogo ulisaidia. Deni linaloweza kuizamisha Ushelisheli ni dogo sana katika vitabu vya mkopeshaji wa Ulaya, kwa hiyo kusamehe hakumuumizi kiasi cha kugoma.

Ikaja 2020. Viwanja vya ndege vikafungwa, na watalii, waliokuwa zaidi ya 380,000 mwaka 2019, wakashuka hadi chini ya theluthi moja ya idadi hiyo. Kwa hesabu ya mapato, pigo hili lilikuwa kubwa kuliko la 2008. Lakini safari hii benki kuu ilikuwa na akiba ya zaidi ya dola milioni 500, na deni la taifa lilikuwa limeshuka chini ya asilimia 60 ya pato la taifa. Rupia ilianguka, kutoka 14 hivi hadi zaidi ya 20 kwa dola, na deni likapanda kwa kasi. Maduka hayakuwa matupu, na hakuna hatifungani ya nje iliyoachwa bila kulipwa. Machi 2021 milango ikafunguliwa kwa wageni karibu wote, baada ya chanjo zilizoanza kwa msaada wa Umoja wa Falme za Kiarabu.

Kisiasa, adhabu huchelewa. Rais James Michel, aliyekuwa madarakani wakati wa mgogoro wa 2008, alichaguliwa tena mwaka 2011 bila shida. Mwaka 2015 aliponea kwa kura 193 nchi nzima, na mwaka uliofuata, chama chake kilipopoteza bunge, akajiuzulu. Oktoba 2020, katikati ya janga, Wavel Ramkalawan akawa mpinzani wa kwanza kushika urais tangu mapinduzi ya 1977. Oktoba 2025 naye akashindwa na Patrick Herminie. Mahali ambapo mpiga kura humfahamu mbunge wake tangu shule, bei ya mkate, hata ikichelewa, huingia kwenye kisanduku cha kura upesi kuliko kwetu.

Watu hunitajia pia uchumi wa buluu, yaani kuipatia nchi kipato kutokana na bahari bila kuiharibu: deni la dola milioni 21.6 lililobadilishwa kuwa fedha za kuhifadhi bahari, na hatifungani ya buluu ya dola milioni 15 mwaka 2018, ya kwanza duniani kutolewa na nchi. Nazipongeza zote mbili. Bahari ya Ushelisheli ni kilomita za mraba milioni 1.37, kubwa kuliko Tanzania nzima, na ni haki kuitumia kama mali. Ila tusidanganyane kwa sifa za mikutano. Fedha hizo ni ndogo, na zilikuja nchi ikiwa imeshapona.

Zanzibar hailingani na haya moja kwa moja, ingawa hoteli zake zinafanana. Haina sarafu yake. Shilingi inabebwa pia na dhahabu ya Geita, kwa hiyo mtalii akikosekana Nungwi, mwenye hoteli anaumia lakini shilingi haianguki kwa sababu hiyo peke yake. Wangazija nao wana kinga nyingine: faranga yao imefungwa kwenye yuro kwa mkataba na Ufaransa, na ndugu zao wa Marseille hutuma fedha hata nyakati mbaya. Kinga hiyo ina gharama. Uchumi hauanguki sana, na haukui sana.

Ukitaka kuona Ushelisheli ya 2008 katika zama hizi, tazama Maldivi. Mwaka 2024 walipokea watalii zaidi ya milioni mbili, rekodi kwao, na mwaka huo huo dola zikaadimika. Sarafu yao, rufiyaa, imefungwa kwa dola kwa bei rasmi, mitaani kuna bei nyingine, na serikali ikatoka na kanuni ya kulazimisha hoteli kubadilisha benki sehemu ya dola zao. Rais Mohamed Muizzu alishinda uchaguzi wa 2023 kwa ahadi ya kuwaondoa wanajeshi wa India, na Mei 2024 walikuwa wameshaondoka. Oktoba mwaka huo huo alikwenda New Delhi, akarudi na mkataba wa kubadilishana sarafu, yaani India kumpa dola naye aweke rufiyaa, wa dola milioni 400.