Bushi ni nini? Tuitazame nyuma ya Datsun 240Z

Mwambie fundi kwamba gari linagonga kwa nyuma likipita kwenye tuta, na kabla hajainama kuchungulia atakuwa ameshatamka: bushi. Mara nyingi anapatia. Lakini ukimuuliza bushi inafanya kazi gani hapo ilipokaa, atakujibu ni mpira wa kuzuia chuma kisigonge chuma. Jibu hilo ni nusu tu, na nusu iliyobaki ndiyo inayofanya watu wabadilishe bushi leo na kuirudia kazi ileile baada ya miezi michache.

Bushi ya gari huwa na sehemu tatu. Nje kuna gamba la chuma, duara kama kipande cha bomba, linaloshindiliwa kwenye tundu la mkono wa gari, yaani kile chuma kinachounganisha gurudumu na bodi. Katikati kuna kibomba chembamba ambamo bolti hupita. Kati ya viwili hivyo pana mpira, na mpira huo haukuchomekwa tu: umegandishwa kwenye chuma kwa joto na gundi maalumu kiwandani. Bolti ikikazwa, kibomba cha ndani kinabanwa na hakizunguki tena. Gamba la nje nalo limeng'ang'ania mkono. Tairi linapopanda na kushuka, hakuna kinachoteleza wala kusuguana. Mpira wenyewe ndio unaojipinda. Mtazame mtu anayekamua shuka: mikono haitelezi juu ya nguo, ila nguo ndiyo inayosokoteka kati ya mikono miwili, na akiachia inarudi.

Kwa hiyo bushi ya mpira ni kiungo na ni springi ndogo kwa wakati mmoja, na haihitaji kulainishwa. Ukiona mtu anaipaka grisi ya kawaida ili isilie, anaiua polepole, kwa sababu mafuta ya jamii ya petroli huvimbisha mpira wa asili na kuulegeza.

Nachukua mfano wa Datsun 240Z kwa sababu ni gari la michezo ambalo Afrika Mashariki inalo kwenye kumbukumbu. Lilishinda Safari Rally mwaka 1971 likiwa na Edgar Herrmann na Hans Schüller, kisha 1973 likiwa na Shekhar Mehta na Lofty Drews. Lilitoka Japani mwishoni mwa 1969, na lile la kuuzwa nje lilikuwa na injini ya silinda sita ya cc 2,393. Hata la mwisho kutengenezwa limeshapita miaka 50, na mpira wa umri huo, hata kama gari lilikaa limefunikwa turubai muda wote, umekauka na kupasuka.

Kila upande wa nyuma una nguzo ya shokapu yenye springi, imesimama kutoka kwenye bodi hadi kwenye gurudumu. Chini yake kuna mkono mpana wa chuma unaotoka katikati ya gari kwenda nje, ukiwa na bushi mbili kwa ndani na mbili kwa nje. Nne kila upande, jumla nane. Jambo la kuangalia hapa ni kwamba kiwanda hakikuweka mahali popote pa kurekebishia uelekeo wa tairi za nyuma. Huwezi kwenda alaimenti ukamwambia jamaa arekebishe nyuma. Tairi linatazama pale ambapo mkono na bushi zake zinaliruhusu litazame.

Ndiyo maana bushi zilizochoka kwenye gari hili si suala la kelele pekee. Ukikanyaga mafuta tairi linasukumwa mbele, ukiachia linarudi nyuma, na kama mpira hauna nguvu ya kulishika, linageuka kidogo kila mara. Milimita chache kwenye bushi zinatosha. Unaingia kona, unaachia mafuta, na mkia unakwenda kwa hiari yake kana kwamba kuna mtu wa pili mwenye usukani huko nyuma. Tairi nazo huanza kuliwa upande mmoja.

Hata hivyo, usikimbilie kununua bushi kwa sababu ya sauti. Ule mlio mmoja mzito wa "to!" unaposhika gia na kuachia klachi, kwenye 240Z mara nyingi unatoka kwenye raba inayoshika pua ya difu, lile boksi la gia la nyuma linalogawa nguvu ya injini kwa tairi mbili. Ikichanika, pua ya difu huruka juu na kugonga. Nimewaona watu wakifumua mikono yote miwili, wakaweka bushi mpya nane, wakawasha gari na kukutana na sauti yao ileile inawasubiri. Ingiza mtaimbo mdogo kati ya mkono na mahali ulipofungwa, sukuma taratibu, tazama ni mpira upi unaofunguka nyufa. Kisha fanya hivyohivyo kwenye difu.

Tukubaliane sasa kwamba ni bushi. Zile za ndani si tatizo kubwa. Jasho liko nje, kwenye pini.

Mkono umeunganishwa na chini ya nguzo ya shokapu kwa pini moja ndefu, ambayo wenye magari haya huiita pini ya spindo. Inapita kwenye bushi ya kwanza, ikavuka tundu refu la chuma lililo chini ya nguzo, ikatokea kwenye bushi ya pili, na ina nati kila ncha. Katikati imezuiwa isizunguke na kabari ndogo yenye nati, kwa mtindo uleule wa kotapini inayoshika mkono wa pedali kwenye baiskeli za zamani. Aliyewahi kung'oa kotapini iliyoota kutu anajua mambo yanakoelekea. Miaka 50 ya maji na vumbi imeiunganisha pini na tundu lake, na vilevile na vibomba vya bushi zote mbili, hadi vimekuwa kitu kimoja.

Kosa la kwanza ambalo kila mtu hulifanya ni nyundo. Unapiga ncha ya pini, haisogei, unapiga zaidi, nyuzi za kufungia nati kwenye ncha zinatanuka kama uyoga, na sasa hata ungeipata nguvu ya kuisukuma, ncha haipiti tena kwenye kibomba. Toa kabari kwanza (wapo waliopiga nusu siku kabla ya kukumbuka kwamba haijatoka). Nyunyizia mafuta ya kulegeza kutu jioni, rudia asubuhi, rudia tena kesho yake. Halafu tumia kivutaji kinachojifunga kwenye nyuzi za pini na kuivuta nje kwa kukaza nati, huku chuma cha nguzo kikipashwa moto. Ikigoma kabisa, pitisha msumeno kwenye mwanya ulio kati ya mkono na nguzo, kata pini pande zote mbili, toa mkono, kisha peleka nguzo kwenye presi isukumwe kipande kilichobaki. Pini ya zamani unaiaga hapo. Binafsi ningeanza na uamuzi huo mapema kuliko kuharibu nguzo, kwa kuwa pini mpya bado zinatengenezwa na nguzo ni ya kuitafuta.

Mkono ukiwa mezani, kazi inarudi kuwa ya kawaida. Wengi hupenda kuchoma mpira kwa gesi. Unatoka haraka, lakini moshi wake ni mchafu na unakaa kwenye kifua siku nzima. Keekee ni bora: toboa mpira kuzunguka kibomba hadi kiachie, kisukume nje, kisha ubaki na gamba. Hilo unalikata kwa ubapa wa msumeno wa chuma kutokea ndani, mstari mmoja, ukisimama kila baada ya muda kutazama. Gamba likikatika linalegea lenyewe. Ukizidisha, umechora mfereji kwenye mkono. Lakini soma kwanza karatasi ya bushi ulizonunua, maana zipo zinazotaka gamba la zamani libaki mahali pake.

Na hizo ulizonunua ni za aina gani? Hapa maana ya neno bushi inagawanyika. Za poliurethani, aina ya plastiki inayonyumbulika, zina rangi za kuvutia, ni ngumu zaidi, na huingia kwa mkono bila presi. Ila hazikugandishwa kwenye chuma. Hazijipindi, zinazunguka juu ya kibomba, kwa hiyo hizi ndizo zinazotaka grisi, ile nzito ya silikoni inayokuja nazo, na zikikauka zinalia kama mlango wa ghala. Kwenye mkono wa nyuma wa 240Z zinafaa, kwa sababu mkono huo unapanda na kushuka kwenye mhimili mmoja. Mbele ya gari hilohilo kuna fimbo inayoshikilia mkono usirudi nyuma, ambayo bushi yake lazima iiruhusu kuinama. Ikibanwa kwa poliurethani ngumu mbele na nyuma, fimbo hupinda badala ya bushi, hadi siku moja inakatika. Kwa hiyo wanaojua huacha mpira upande mmoja.

Zipo pia zile za mitaani kwetu, zinazochongwa kutoka kwenye tairi kuukuu. Nazistahi kwa ubunifu, na zimefikisha magari mengi ya mizigo sokoni. Lakini ni mpira uliochomekwa bila kugandishwa. Hauwezi kusokoteka kama mpira wa kiwandani, na hautelezi vizuri kama poliurethani, basi unajisugua hadi unakuwa unga.

Ukiamua kubaki na bushi za mpira kama zile gari lilizotoka nazo kiwandani, na mimi kwa gari la kuendea barabarani ningebaki nazo, rudisha mkono, paka pini grisi ya shaba ili atakayekuja baada yako asikulaani, weka kabari, na nati zikae kwa vidole tu. Usikaze gari likiwa kwenye jeki. Hewani tairi limening'inia, mkono umeelekea chini. Ukikaza hapo, kibomba kinabanwa katika pembe hiyo, na gari likishuka mpira unakuwa umeshasokotwa kabla halijasogea hata mita moja. Unabaki umesokotwa likiwa limeegeshwa, usiku kucha, na kila shimo linauongezea. Nyuma ya gari hukaa juu kidogo, mwenyewe anadhani springi zimepona, na mpira unachanika mapema.

Lishushe kwenye matairi yake, juu ya mbao nene ili upate nafasi ya kulala chini. Lisukume mbele na nyuma mita chache, kaa juu ya buti na uruke mara tatu nne, likitulia ingia chini na spana ya kipimo ukaze nati zote, za ndani na za pini, kwa kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu cha kiwanda.